Shajara ya mradi: programu ya kukingia bei ya kahawa, Shimanzi

Jumanne, 24 Juni 2025

Ofisini mradi huu umeshapata jina: "mambo ya New York". Kazi yenyewe ni kuchagua programu ya kuuzia na kununulia mikataba ya usoni ya kahawa, yaani ahadi za kuuza au kununua mwezi ujao fulani kwa bei inayokubaliwa leo, ili mzigo wetu usilale godauni bila kinga. Nimeangukiwa mimi kwa sababu ndiye ninayetengeneza printa.

Kwa asiyetujua: sisi ni kampuni ndogo ya Shimanzi, Mombasa. Tunanunua arabika ya Bugisu kutoka upande wa Uganda wa Mlima Elgon, na kiasi kidogo ya Kenya, tunaichambua, tunaipakia na kuiuza nje, zaidi Ujerumani. Tatizo liko katikati. Chama cha ushirika kule Mbale kinataka bei kamili siku hiyo hiyo. Mnunuzi wa Hamburg hununua kwa bei ya wazi: bei ya soko la New York ya mwezi fulani, ongeza au toa senti kadhaa, kisha anachagua mwenyewe siku ya kuifunga. Tangu tulipomlipa Mbale mpaka Hamburg afunge, bei ikiporomoka ni juu yetu. Na bei hii si ya kuchezea. Desemba 2024 arabika ilivuka rekodi iliyosimama tangu 1977, Februari mwaka huu ikapita dola 4 kwa ratili, na sasa imeteremka kuelekea dola 3.

Kinga inafanya kazi hivi: siku tunayonunua Mbale tunauza mkataba New York, na siku Hamburg anapofunga bei tunaununua tena. Tulichopoteza kwenye magunia tunakipata kwenye mkataba, na kinyume chake. Mkataba mmoja wa Coffee C wa soko la ICE ni ratili 37,500, tani 17 na kidogo, kwa hiyo unakaribia kontena moja la futi 20. Bei ikisogea senti moja ni dola 375. Hatua ndogo kabisa, ambayo wenyewe wanaiita tiki, ni asilimia 5 ya senti, yaani dola 18.75. Kwa shilingi 129 kwa dola, tiki moja ni kama shilingi 2,400.

Hadi sasa tumekuwa tukimpigia simu dalali ng'ambo, naye anatuwekea oda. Mzee, bosi wetu, amechoka na simu. Anasema: "Mwanangu, mimi nataka niione bei kwa macho yangu, nisisimuliwe."

Alhamisi, 26 Juni

Nimeanza kwa kuondoa.

Mzee alisikia kwa rafiki yake mfanyabiashara wa chai kwamba mtu wa maana ana terminali ya Bloomberg, ile skrini ya bei na habari za masoko. Kwa mwaka hiyo inapita dola 25,000. Sisi tunafunga na kufungua mikataba kama 30 kwa mwaka, basi kila mkataba ungebeba zaidi ya dola 800 za kutazamia skrini. Nimemwonyesha hesabu, akacheka, akaniambia tuendelee. (Huyo rafiki wa chai hata mnada wake uko hapa hapa Mombasa, anaweza kwenda kwa miguu.)

Zimebaki tatu, na nitaziita kwa namna zinavyolipiwa, maana majina ya kampuni yatatuvuruga kikaoni.

Ya Bure: inatolewa na dalali kwa kila mteja mwenye akaunti. Hulipii programu, lakini komisheni yake ni dola 4.50 kwa kila upande wa mkataba (kuufungua ni upande mmoja, kuufunga ni wa pili).

Ya Kukodi: dola 150 kwa mwezi, unaacha unapotaka. Komisheni dola 2.50.

Ya Kununua: dola 1,499 mara moja, leseni ya kudumu. Komisheni dola 2.50 vilevile.

Juu ya zote tatu kuna ada ya data ya soko. Hii ndiyo inayowakuta watu wengi hawajajiandaa. Programu ni dirisha tu. Bei zinazopita ndani yake ni mali ya soko, na soko linatoza. Mtu binafsi anayefanya biashara kwa pesa zake huwa na nafuu kwenye baadhi ya masoko, lakini kampuni inahesabiwa kuwa ni mtaalamu, hata kama "mtaalamu" mwenyewe ni mimi na kiti kilichovunjika mkono. Bei tuliyopewa ni dola 130 kwa mwezi kwa mtumiaji mmoja. Ukikataa kulipa unaona bei zilizochelewa dakika 10, bila malipo.

Jumanne, 1 Julai

Mhasibu wetu hapendi kuzungumzia dola kwa mwezi. Ametaka kila kitu kigeuzwe kiwe gharama kwa mkataba, kisha kiwe tiki, kwa sababu ndicho kipimo ambacho Mzee anakielewa bila kuvaa miwani. Nimekaa naye jioni tukafanya kwa mikataba 30, kila mmoja ukifunguliwa na kufungwa, yaani pande 60.

Ya Kukodi: programu na data ni dola 280 kwa mwezi, 3,360 kwa mwaka. Kwa mkataba ni dola 112, karibu tiki 6.

Ya Kununua: tukiigawanya leseni kwa miaka mitatu ni kama dola 500 kwa mwaka, ongeza data 1,560. Kwa mkataba ni dola 69 hivi, tiki 3 na nusu na zaidi kidogo.

Ya Bure: data 1,560, na ile tofauti ya komisheni dola 2 mara pande 60, ambayo ni dola 120. Kwa hiyo bure yenyewe ni dola 120 kwa mwaka. Kwa mkataba ni dola 56, tiki 3 kasoro kidogo.

Mhasibu alizungusha duara kwenye 56, akafunga kitabu. Nikamwambia, dada, subiri kwanza, hatujajua zinafanya kazi vipi. Akajibu kwamba hiyo ni kazi yangu, yake imekwisha.

Alipokuwa anaondoka alisema jambo moja la maana. Nilikuwa nahofia kodi ya dola, nikikumbuka Januari 2024 shilingi ilipofika 160 kwa dola. Yeye haoni shida: tunauza kwa dola, tunakodi kwa dola, shilingi ipande au ishuke tuko palepale. Anayelipwa mshahara wa shilingi na kukodi programu ya dola ndiye wa kuogopa.

Ijumaa, 4 Julai

Wamarekani wana sikukuu yao, soko halikufunguliwa. Nimetumia siku kuweka programu zote tatu kwenye kompyuta moja, ile ya zamani ya idara ya usafirishaji, makusudi. Programu yoyote hukimbia kwenye mashine mpya ya muuzaji.

Ya Kununua inataka Windows na inakula kumbukumbu. Ukifungua chati nne feni ya kompyuta inalia kama inataka kuruka. Ya Kukodi ni nyepesi ajabu. Ya Bure ina sura mbaya, menyu zake zimepangwa na mtu aliyekuwa na haraka, lakini ina toleo la kivinjari na la simu.

Kuhusu kasi, nimelimaliza swali moja kabla halijaanzishwa na mtu. Mombasa hadi New York ni takriban kilomita 12,000 kwa mstari wa ndege. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata kama kebo ingenyooshwa kama rula, ni milisekunde 120, na kebo hazinyooki: zinazunguka Bahari ya Shamu na Mediterania, au kusini kupitia Afrika Kusini. Kwenye mashine yetu naona milisekunde 240 hadi 270. Muuzaji wa Ya Kununua anajisifu kwamba programu yake inashughulikia oda kwa chini ya milisekunde moja. Namwamini. Lakini tunalipia milisekunde moja kwenye safari ya mia mbili na hamsini, na mnunuzi wetu wa Hamburg hujibu barua pepe baada ya chakula cha mchana.

Kuna anayekodi seva Chicago au New York ili programu yake ikae jirani na soko. Kwa anayeingia na kutoka mara mia kwa siku, ina maana. Sisi hapana, isipokuwa kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Ofisi haikufunguliwa.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimejaribu nililoahidi, na hii ndiyo siku niliyojifunza kitu.

Swali langu: kebo ikikatika, oda zetu zinakaa wapi? Si swali la kubuni. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Miezi michache kabla ya hapo, Februari, kebo zilikatika Bahari ya Shamu. Na hata bahari ikitulia, stima ya Shimanzi ina hiari yake.

Kwenye akaunti ya majaribio niliuza mkataba mmoja wa Septemba katika kila programu. Chini yake nikaweka oda ya kununua kwa faida, juu yake stopu ya kununua ili kukata hasara. Hizi mbili ni jozi: moja ikitimia, nyingine inatakiwa ifutwe. Kisha nikachomoa waya wa intaneti nyuma ya kompyuta, nikaenda kununua kahawa chungu kwa mzee wa dele pale kona.

Nilirudi nikasubiri bei ifike kwenye moja ya zile oda, ikafika ya faida. Nikachomeka waya.

Ya Bure: mkataba umefungwa, stopu imefutwa, hakuna kilichobaki. Jozi ilikuwa imehifadhiwa kwenye seva ya dalali, kompyuta yangu haikuwa na habari nayo.

Ya Kukodi: vivyo hivyo.

Ya Kununua: mkataba umefungwa kwa faida, lakini stopu ilikuwa bado hai sokoni. Oda zote mbili zilikuwa zimetumwa, ila kazi ya kufuta moja ilikuwa ya programu iliyo mezani kwangu, na mezani kwangu hapakuwa na intaneti. Kama bei ingegeuka na kupanda, tungejikuta tumenunua mkataba mzima ambao hatukuuhitaji, juu ya kahawa iliyojaa godauni. Hiyo si kinga tena.

Nikawaandikia. Wamejibu kwa adabu kwamba ukitumia njia fulani ya data na dalali fulani, jozi inaweza kuhifadhiwa kwenye seva, na kwamba wateja wengi hukodi seva ng'ambo ili programu isizimike. Ndiyo ile sababu nyingine. Seva hiyo ni dola 45 kwa mwezi, 540 kwa mwaka, dola 18 kwa mkataba. Ongeza juu ya 69. Bei ya Ya Kununua sasa ni 87, na bado inategemea seva ambayo nayo inahitaji mtu wa kuiamsha.

Kwa maoni yangu hili ndilo swali la kwanza ambalo mtu wa Mombasa angeuliza kabla ya kuuliza chati zina rangi ngapi. Matangazo yao hayaligusi.

Alhamisi, 10 Julai

Jana usiku, soko likiwa limefungwa, Trump alitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Brazili kuanzia 1 Agosti. Brazili ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa kahawa duniani, na Marekani ni mteja wake mkubwa. Sikuhitaji kumwita mtu. Saa tano kasoro wote walikuwa nyuma ya kiti changu, pamoja na mwonjaji ambaye kwa kawaida hatoki kwenye chumba chake cha vikombe.

Wakati huu wa mwaka Coffee C hufunguka saa tano na robo asubuhi kwetu na kufungwa saa mbili na nusu usiku. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma Novemba, sisi ambao hatugusi saa tutasogezwa hadi saa sita na robo. Ni biashara inayoangukia ndani ya saa za kazi, jambo ambalo wenzetu wa masoko mengine ya Marekani wanatuonea wivu.

Bei ilifunguka juu ya ilipofungia. Kwenye Ya Kukodi, ngazi ya bei ilikuwa inatiririka: unaona wanunuzi wangapi wako kila hatua, wanaongezeka, wanakimbia. Ya Bure haionyeshi kila muamala. Inakusanya na kukupa picha mara chache kwa sekunde, kwa hiyo bei inaruka badala ya kutembea. Chati ya Ya Kununua ilikuwa nzuri ya kutazama mpaka ilipoganda, ikarudi, ikaganda tena, ingawa hapo naishuku ile kompyuta yetu kuliko programu.

Mzee aliiangalia Ya Kukodi kwa muda mrefu. "Hii ndiyo soko," akasema.

Nikamuuliza, "Mzee, ukiiona hivi, ungefanya nini tofauti?"

Akanyamaza kidogo. "Ningengoja. Ningeuza ikichoka."

Na hapo ndipo ninapoogopa, na nimemwambia, kwa heshima zote. Kinga yetu inasema tunauza siku tunayonunua Mbale, basi. Siku tutakapoanza kungoja soko lichoke tutakuwa tumefungua biashara nyingine, ya kubahatisha. Hakunijibu. Mhasibu alinikanyaga mguu, sijui kwa kunipongeza au kuninyamazisha.

Jambo moja la kuandika kabla sijasahau: bei ambazo oda zetu za majaribio zilijazwa leo zilikuwa nzuri kupita kiasi, katika programu zote tatu. Akaunti ya majaribio haipangi foleni na mtu. Usilinganishe programu kwa bei za kujaziwa za majaribio. Linganisha kila kitu kingine.

Jumanne, 15 Julai

Mtihani wa mwisho: kuhamisha mkataba.

Mikataba ya Coffee C ina miezi mitano: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Ukiwa umeuza Septemba na Hamburg bado hajafunga bei, lazima uhamie Desemba kabla ya siku ya kwanza ya notisi za kukabidhi kahawa, ambayo huwa siku saba za kazi kabla ya siku ya kwanza ya kazi ya mwezi wa kukabidhi. Ukipitiliza, unaweza kuingizwa kwenye mambo ya kukabidhi kahawa halisi kwenye maghala ya bandari kama Antwerp, Hamburg au New Orleans. Kahawa ya Kenya na Uganda inakubalika kule, ila sisi yetu imeshauzwa.

Kuhamisha kunaweza kufanywa kwa oda mbili, nunua Septemba kisha uza Desemba, na kati ya hizo mbili bei ikasogea. Au kwa spredi, oda moja inayouzwa na soko lenyewe kama kitu kimoja, zote mbili zitimie au isitimie hata moja. Senti moja ya kuteleza katikati ni dola 375 kwa mkataba. Hiyo ni tiki 20, inayomeza tofauti yote ya bei za programu tuliyokuwa tukibishania.

Ya Kukodi ina dirisha la spredi tayari. Miezi imepangwa, unabonyeza. Ya Kununua inaiweza kwa kuzunguka. Ya Bure, nusu saa nzima niliamini haina. Ipo, imefichwa ndani ya menyu ya tatu. Unaijenga mwenyewe kwa kuchagua miezi miwili, kisha lazima uhakikishe alama inasema oda inakwenda sokoni kama spredi, sio kama oda mbili zilizofungwa kamba na programu. Nimepiga picha ya kila hatua nikazichapisha. Zimebandikwa ukutani kando ya kalenda ya meli.

Arifa ya siku ya notisi: Ya Bure inatuma barua pepe na ujumbe kwenye simu. Hii nimeipenda.

Ijumaa, 18 Julai

Kikao. Mahamri na mbaazi zilikuwepo, kwa hiyo kilianza kwa wakati.

Ya Kununua imeondoka bila ubishi baada ya hadithi ya waya. Si programu mbaya. Mtu aliyeko karibu na soko, anayeandika mikakati yake mwenyewe iendeshwe na mashine, atapata thamani ya dola zake 1,499 haraka. Sisi hatuna mkakati wa kuendeshwa na mashine, tuna malori.

Ubishi ulikuwa kati ya hizo mbili. Mzee anaitaka Ya Kukodi, mhasibu anaitaka Ya Bure, na kila mmoja ananitazama mimi.

Nimependekeza tusikodi mwaka mzima. Mavuno makubwa ya Bugisu ni kati ya Oktoba na Februari, na mikataba yetu mingi inaangukia hapo. Tuanze na Ya Bure sasa, data ya papo hapo kwa mtumiaji mmoja, na Novemba hadi Februari tukodi Ya Kukodi juu yake, kwa ajili ya lile dirisha la spredi wakati tunahamisha mikataba mingi kwa pamoja. Miezi minne ni dola 600. Jumla ya mwaka 2,280, kwa mkataba dola 76, tiki 4 na kidogo. Mhasibu aliuliza kwa nini si 56. Nikamwambia kuhamisha mkataba mmoja vibaya kunakula hiyo tofauti ya dola 20 mara kumi na nane. Alipiga hesabu mwenyewe kwanza, ndipo akaandika.

Mzee amepata Ya Bure kwenye simu yake, bei zilizochelewa dakika 10, kutazama tu bila uwezo wa kuweka oda. Hiyo sehemu ya mwisho ni mhasibu aliyeidai, na Mzee amesaini mwenyewe kwa kalamu.

Yaliyobaki: fomu ya ada ya data, ambako tunajitangaza wataalamu; betri ya akiba ya kompyuta na ruta; na laini ya simu ya kampuni tofauti na ile ya faiba, iwe tayari kama hotspoti. Dalali wa zamani hatumwachi, namba yake ya dawati la oda iko ukutani, maana siku intaneti yote ikizima simu ndiyo itakayofunga mkataba.

Septemba hatuigusi, notisi yake inakuja ndani ya wiki ya tatu ya Agosti na sitaki tuanze kwa kukimbizwa. Oda ya kwanza ya kweli itakuwa mkataba mmoja wa Desemba, siku tutakapolipia mzigo ujao wa Mbale.